Wangapi Waruhusiwe Kukomboa Kumbukumbu kwa Wakati Mmoja

Hotuba mbele ya wahandisi wa mifumo na wanafunzi wa kompyuta, Nairobi

Itifaki imezingatiwa. Walimu wangu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotoka vyuo mbalimbali vya jiji hili mkavumilia msongamano wa magari wa jioni ili mfike hapa, hamjambo.

Nitaanza na usiku mmoja wa mwisho wa mwezi. Wakati huo nilikuwa nikitunza seva za kampuni moja hapa jijini, kampuni iliyopokea malipo madogomadogo kutoka kwa wateja wengi, na kama ilivyo katika kazi yoyote ya malipo, siku mbili za mwisho wa mwezi zilikuwa na mzigo usiolingana na siku nyingine. Mnamo saa mbili na nusu usiku seva yetu kubwa ilinyamaza. Haikuzimika, kwani ilipoulizwa kupitia mtandao kama ipo iliitikia. Lakini niliandika amri ya herufi mbili tu, nikasubiri karibu dakika nzima kabla ya herufi ya kwanza kujitokeza kwenye skrini. Orodha niliyoitaka ilipokuja hatimaye, niliona jambo nisilolitarajia: prosesa zote zilikuwa zikifanya kazi kwa nguvu zake zote, na karibu kazi hiyo yote ilikuwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji kinachogawa rasilimali za mashine. Programu ya malipo, ambayo ndiyo sababu ya mashine ile kununuliwa, haikupata hata chembe ya muda.

Tulidhani diski imeharibika, kisha tukadhani tumevamiwa. Tuliiwasha upya seva, na baada ya dakika kama kumi ikarudi katika hali ileile. Kumbukumbu (RAM) iliyokuwa huru ilikuwa ndogo, hilo ni kweli, lakini palikuwa na gigabaiti kadhaa za kurasa za faili ambazo zingeweza kuachiliwa mara moja bila hasara yoyote, kwa sababu nakala zake zilikuwepo diskini. Kwa nini basi hazikuachiliwa? Jibu, ambalo nilikuja kulielewa wiki kadhaa baadaye, ndilo lililonileta mbele yenu leo. Waliokuwa wakijaribu kuziachilia walikuwa wengi mno kwa wakati mmoja, nao walikuwa wakizuiana.

Niruhusuni nieleze kwanza kazi yenyewe. Kerneli ya Linux hugawa kumbukumbu katika vipande iitavyo kurasa, na kwenye mashine nyingi tunazozitumia ukurasa mmoja ni kilobaiti 4. Kumbukumbu ambayo hakuna programu iliyoiomba haiachwi ikae bure. Hujazwa kurasa za faili zilizosomwa kutoka diskini, ili zikihitajika tena zisisomwe upya. Kwa hiyo mashine yenye afya huonekana daima kana kwamba imejaa, na programu inapoomba nafasi mpya, lazima kurasa za zamani zitolewe. Kazi hiyo ya kuzitoa nitaiita ukombozi, kwa maana ileile tunayotumia tukisema mtu amekomboa kitu alichokuwa amekiweka rehani: kurasa zilikuwa za mfumo tangu mwanzo, zikakopeshwa, na sasa zinadaiwa.

Kila eneo la kumbukumbu lina alama tatu. Kumbukumbu huru ikishuka chini ya alama ya kati, kerneli humwamsha mfanyakazi wake wa ndani aitwaye kswapd, mmoja kwa kila kundi la kumbukumbu na prosesa zilizo karibu nayo, naye hukomboa kurasa polepole hadi alama ya juu ifikiwe. Programu zinaendelea na kazi zake bila kujua kinachofanyika. Lakini mahitaji yakizidi kasi ya kswapd, kumbukumbu huru ikashuka hadi chini ya alama ya tatu, iliyo ya chini kabisa, kerneli hubadilisha utaratibu. Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, ulioomba kumbukumbu husimamishwa pale ulipo na kuambiwa ukomboe kurasa wenyewe kabla ya kupewa. Huu ndio ukombozi wa moja kwa moja.

Wengi wenu mnaishi kwenye majumba ya kupanga yenye tangi juu ya paa, kwa hiyo mnaufahamu mpangilio huu vizuri kuliko mnavyodhani. Msimamizi wa ploti huangalia kiwango cha maji, na kikishuka huwasha pampu. Wapangaji hawajui kitu. Wanafungua mfereji, maji yanatoka. Siku ya mgao, au siku wapangaji wote wanapofua kwa pamoja, tangi hukauka kabla pampu haijawahi, na kila mpangaji huchukua mtungi akashuka mwenyewe hadi kwenye mfereji wa chini. Jumba lina orofa sita na ngazi moja nyembamba. Wapangaji watatu wakishuka kwa pamoja, hakuna shida. Wakishuka arobaini, anayepanda na mtungi uliojaa hapati pa kupita, anayeshuka na mtungi mtupu hapati pa kupita, na maji yaliyopo pale chini, ambayo yangewatosha wote, hayafiki kwa yeyote.

Sasa tuiangalie ngazi hiyo kwa karibu, ndani ya kerneli. Kurasa zinazoweza kukombolewa hupangwa katika orodha, zile zilizotumika karibuni upande mmoja na zile zilizolala upande mwingine, na orodha hizo hulindwa na kufuli, ambalo mmoja tu anaweza kulishika kwa wakati mmoja. Mchakato unaokomboa hushika kufuli, huchomoa kurasa zisizozidi 32 kutoka mkiani mwa orodha, huachia kufuli, kisha hukaa pembeni na kurasa zake ukizichunguza mmoja baada ya mwingine. Huu umesomwa karibuni? Huu una mabadiliko ambayo hayajaandikwa diskini? Huu unatumiwa na michakato mingapi? Zile zinazofaa huachiliwa. Zile zisizofaa hurudishwa kwenye orodha, na kwa hilo kufuli lazima lishikwe tena. Kurasa 32 za kilobaiti 4 ni kilobaiti 128, kiasi kidogo kabisa. Lakini seva yetu ilikuwa na michakato ya kazi 400, na usiku ule karibu yote iliingia katika ukombozi wa moja kwa moja.

Hapa ndipo madhara yanapozaliana. La kwanza ni kufuli lenyewe. Ni kufuli la aina ambayo anayelisubiri halali. Huzunguka palepale akiuliza na kuuliza kama limeachiwa, na kila swali lake huvuta sehemu ileile ya kumbukumbu kutoka prosesa moja hadi nyingine. Kwa hiyo prosesa iliyo katika foleni inaonekana kuwa na shughuli nyingi, na kipimo cha mashine kinasema kazi ni asilimia mia, hali kazi inayofanyika ni ya kusubiri. Ndiyo maana nilichokiona kwenye skrini kilinipotosha kwa wiki kadhaa: nilitafuta anayefanya kazi nyingi, wakati nilipaswa kutafuta wanaosubiriana.

La pili lina hatari kubwa zaidi, ingawa halionekani kwa urahisi. Kurasa zilizochomolewa na bado zinachunguzwa hazimo kwenye orodha, na wala hazijawa huru. Ziko mikononi. Michakato 400 ikishika kurasa 32 kila mmoja, hizo ni kurasa 12,800, yaani megabaiti 50. Michakato 1,000 ni megabaiti 125. Mchakato unaofika baada ya hao unaiangalia orodha, unaikuta fupi au tupu, na unaamua kwa nia njema kabisa kwamba hakuna tena cha kukomboa. Uamuzi huo humwita muuaji wa michakato, yule ambaye kerneli humtumia pale inapoamini kumbukumbu imekwisha. Naye huchagua mchakato na kuuondoa, mara nyingi mkubwa kuliko yote, ambao katika seva ya malipo ni hifadhidata. Ameuawa mtu kwa kosa la upungufu ambao haukuwepo.

La tatu linatokana na bidii. Ukombozi huanza kwa upole: katika mzunguko wa kwanza mchakato huangalia sehemu ndogo tu ya orodha, sehemu 1 kati ya 4,096. Usipopata cha kutosha, sehemu hiyo huongezwa maradufu, kisha maradufu tena, hadi mzunguko wa mwisho unaopitia orodha nzima. Kwa mchakato mmoja utaratibu huo ni wa busara. Lakini michakato mia nne ikishindwa kwa pamoja, si kwa sababu kurasa hazipo bali kwa sababu inazuiana, yote hupandisha bidii kwa pamoja, na kinachofuata ni kutoa kurasa nyingi kuliko zilizohitajika, zikiwemo zile ambazo programu itazisoma tena sekunde hiyohiyo. Zikisomwa tena, zinahitaji nafasi mpya, na anayeomba nafasi mpya anaingia tena kwenye ukombozi. Tulipowasha upya seva yetu na kuona ugonjwa umerudi, ni mduara huu tuliokuwa tukiutazama.

Tatizo hili halikugunduliwa nasi, na nasema hivyo kwa furaha, kwa sababu nilipolijua nilitambua kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2008 KOSAKI Motohiro, mmoja wa waandishi wa kerneli, alikuwa ametuma mapendekezo ya kupunguza idadi ya michakato inayokomboa kwa pamoja. Mwaka 2009 Rik van Riel, mwandishi mwingine wa kerneli aliyekuwa kampuni ya Red Hat wakati huo, alishughulikia jambo hili kwa njia mbili tofauti, na tofauti kati ya njia hizo inastahili tuikalie.

Njia ya kwanza iliingia katika kerneli toleo la 2.6.32. Inahesabu kurasa zilizo mikononi, zile zilizochomolewa na hazijarudi, na kuzilinganisha na kurasa zilizobaki kwenye orodha ya zilizolala. Zilizo mikononi zikizidi zilizobaki, anayefika hasemi tena kwamba kumbukumbu imekwisha. Anaambiwa asubiri kidogo, kwa sababu kurasa zipo, ila zimeshikwa na wenzake. Muuaji wa michakato haitwi bure.

Njia ya pili aliipendekeza Desemba mwaka huohuo. Alieleza kwamba chini ya mizigo mizito yenye michakato mingi mfumo hutumbukia matatani pale mamia, hata maelfu ya michakato inapokuwa ndani ya msimbo wa ukombozi kwa wakati mmoja, akapendekeza kikomo cha moja kwa moja: kila eneo la kumbukumbu liruhusu wakombozi wasiozidi idadi fulani, idadi ya kuanzia ikiwa 8, na wengine walale hadi nafasi ipatikane. Palikuwa na kipengele kimoja katika pendekezo hilo ambacho nimekipenda tangu siku nilipokisoma. Aliyelala anapoamshwa haendi moja kwa moja kukomboa. Anaangalia kwanza kama wale wanane wameshapata kumbukumbu ya kutosha, na kama imetosha anaondoka na ukurasa wake bila kugusa kufuli hata mara moja. Ni kama mpangaji aliyeketi mlangoni pake akasubiri, kisha akafungua mfereji wa ndani na kukuta maji yamerudi. Kwa hiyo kikomo hakimnyimi anayesubiri. Katika hali nyingi yeye ndiye anayehudumiwa mapema kuliko angejitosa kwenye ngazi.

Pendekezo hilo halikuingia katika kerneli kuu kwa umbo lile. Nimelifikiria sana, na nimefika mahali pa kuamini kwamba wazo lilikuwa sahihi lakini namba haikuweza kulibeba. Namba 8 haijui kama mashine ina prosesa 4 au 256. Haijui kama diski iliyo nyuma ni ya kuzunguka au ya kumbukumbu mango (SSD). Na zaidi ya yote, namba inahesabu vichwa tu. Haiulizi kila aliyesimamishwa ameshika nini mkononi.

Swali hilo la mwisho ndilo ningependa mlichukue kutoka hapa, hasa ninyi wanafunzi, kwa sababu vitabu vya darasani hulipitia haraka. Kusimamisha watu foleni ni rahisi. Ugumu ni kumtambua yule ambaye akisimamishwa, foleni nzima haitasogea tena.

Turudi kwenye jumba letu. Wapangaji wamekubaliana kwamba wasizidi watano kwenye ngazi. Watano wameshuka, wako chini, lakini mfereji haufunguki kwa sababu chumba cha pampu kimefungwa. Mwenye ufunguo ni mama wa orofa ya nne, naye ni mtu wa kufuata sheria, kwa hiyo amesimama mlangoni pake akisubiri zamu yake ya kushuka. Watano wanamsubiri yeye, yeye anawasubiri watano. Hakuna aliyekosea, na hakuna atakayepata maji usiku huo.

Katika kerneli, mama huyu ni mchakato ulio katikati ya kuandika faili. Ameshika kufuli la mfumo wa faili, na kabla hajamaliza anahitaji kumbukumbu kidogo. Kwa kuwa ameshika kufuli hilo, huomba kwa sharti maalumu: nitafutieni kumbukumbu, lakini katika kuitafuta msiingie tena kwenye mfumo wa faili. Sasa chukulieni kwamba michakato ya kawaida imechomoa kurasa nyingi hadi kiwango cha kusimamishwa wengine kimefikiwa, na michakato hiyo, ikiwa na kurasa mikononi, inangojea kufuli lilelile la mfumo wa faili. Aliyeshika kufuli anaambiwa asubiri kurasa zipungue mikononi. Kurasa hazitapungua mikononi hadi aachie kufuli. Kinga iliyowekwa mwaka 2009 dhidi ya muuaji wa michakato ingeweza kuleta mkwamo huo hasa, na marekebisho yaliyokuja miaka michache baadaye ni mafupi na mazuri: kwa waombaji wa kawaida kiwango kilishushwa hadi sehemu moja ya nane ya orodha ya zilizolala, na wale wenye sharti maalumu wakaachiwa kiwango kizima. Kwa njia hiyo, hata waombaji wa kawaida wakijaa hadi kikomo chao, mwenye ufunguo daima hupata pa kupita. Ni mistari michache ya msimbo katika faili iitwayo vmscan.c, na maelezo yaliyoandikwa juu yake ni marefu kuliko yenyewe. Nawasihi mkayasome.

Busara hiyohiyo inaonekana mahali pengine. Mwaka 2012, Mel Gorman, naye mwandishi wa kerneli, alipofanya iwezekane kutumia eneo la akiba (swap, mahali pa kuweka kurasa zilizotolewa kwenye kumbukumbu) lililo kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, paliwekwa lango jingine: hazina ya dharura ikishuka chini ya nusu, wanaotaka kukomboa moja kwa moja husimamishwa hadi kswapd airejeshe. Tazameni nani wasiosimamishwa kwenye lango hilo. Nyuzi za kerneli yenyewe hupita, kwa sababu huenda moja kati yake ndiyo inayosafisha kurasa ambazo wengine wanazingojea. Na mchakato ambao umekwisha kuhukumiwa kufa hupita pia. Wa pili unaweza kuwashangaza. Lakini mchakato unaokufa huachilia kila kilicho chake, na kumchelewesha ni kuchelewesha kumbukumbu ambayo foleni nzima inaihitaji.

Limebaki jambo la namna ya kusubiri, nalo kwa miaka mingi lilikuwa dhaifu kuliko yote. Mchakato uliosimamishwa ulilala kwa saa: sehemu ya kumi ya sekunde, isipokuwa kama diski ingetangaza mapema kwamba msongamano wake umepungua. Tangazo hilo lilitoka katika tabaka la kerneli linaloshughulikia diski. Tabaka hilo liliandikwa upya kwa ajili ya diski za kisasa zenye foleni nyingi, na muundo wa zamani ulipoondolewa kabisa katika toleo la 5.0 mwaka 2019, tangazo likatoweka pamoja nao. Waliolala wakiamini kwamba kuna atakayegonga mlango hawakugongewa tena. Kila mmoja alilala muda wote, hata kama kumbukumbu ilipatikana mara tu alipofumba macho. Ni tofauti ile mnayoijua kati ya kuambiwa "njoo baada ya nusu saa" na kuambiwa "maji yakifika nitakupigia simu", hali simu ya anayekuambia hivyo imezimwa.

Marekebisho yalikuja katika toleo la 5.16, Januari 2022, na kwa mara nyingine ni Mel Gorman aliyeyaongoza. Sasa kuna foleni tofauti kwa kila sababu ya kusubiri. Anayesubiri kurasa ziandikwe diskini huamshwa pale kurasa za kutosha zinapokuwa zimeandikwa. Anayesubiri kwa sababu zilizo mikononi ni nyingi huamshwa zinaporudi. Anayesubiri kwa sababu hakuna maendeleo yoyote huamshwa mwingine anapopata maendeleo. Saa imebaki kama kikomo cha juu tu, kwa tahadhari. Hata hivyo haikuwa kazi ya siku moja: kabla toleo halijatoka rasmi, waliolijaribu waliona programu zikisimamishwa kwa muda mrefu kupita kiasi katika mashine ambazo kumbukumbu ilikuwa imekwisha kwelikweli, na usubiri ikabidi ufupishwe. Naona haki kulitaja hilo, kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa hatari. Mahali ambapo hakuna cha kukomboa, kusimamisha watu foleni ni kuwarefushia mateso, na muuaji wa michakato akiitwa mapema anakuwa mwenye huruma kuliko foleni.

Wapo wanaosema kwamba vikomo vyote hivi ni dawa ya kutuliza maumivu, na kwamba tiba ni kuifanya kazi ya ukombozi yenyewe iwe nyepesi. Siwapuuzi. Katika toleo la 5.11 la mwaka 2021 kufuli moja la orodha liligawanywa ili kila kundi la michakato liwe na lake, na toleo la 6.1, Desemba 2022, lilileta orodha za vizazi vingi zilizoandikwa na Yu Zhao, ambazo hupunguza sana uchunguzi wa ukurasa mmojammoja. Ngazi imepanuliwa, na nimeona faida yake kwa macho yangu. Lakini ngazi ikipanuliwa, jumba nalo huongezwa orofa. Seva ninayoitunza leo ina prosesa mara nne ya ile ya zamani, na michakato inayotaka kushuka imeongezeka kwa uwiano huohuo.

Pia kuna swali la haki. Vikomo nilivyovieleza huwasimamisha wote walioomba wakati mbaya, hata yule aliyeomba ukurasa mmoja baada ya jirani yake kumeza gigabaiti kumi. Makundi ya udhibiti (cgroups) ya toleo la pili, yanayowezesha michakato kuwekewa mipaka kwa pamoja, yanatoa njia iliyo bora zaidi hapa. Unaweza kuliwekea kundi la michakato kiwango ambacho likikivuka, ni lenyewe linalolazimishwa kukomboa na kupunguzwa mwendo, na kadiri linavyozidi kukivuka ndivyo linavyolazwa kwa muda mrefu zaidi, hadi sekunde mbili kwa mara moja. Mwenye matumizi makubwa ndiye anayelipa. Kwa mashine inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na hapa Nairobi kampuni ndogo nyingi hupangisha seva za namna hiyo, ninaona hii ndiyo hatua ya kwanza kuchukuliwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuhusu simu nitasema kwa kifupi. Simu ya bei nafuu yenye gigabaiti 2, ya aina ambayo mwendesha boda amefunga kwenye usukani wake, iko katika hali ya upungufu karibu siku nzima, na haina diski kubwa ya kukimbilia. Hubana kurasa ndani ya kumbukumbu ileile. Android tangu toleo la 10 haisubiri muuaji wa kerneli. Ina mlinzi wake anayesoma kipimo cha shinikizo, kile kilicholetwa na Johannes Weiner katika toleo la 4.20 mwishoni mwa 2018, ambacho hakipimi kumbukumbu iliyobaki bali muda ambao michakato imeupoteza ikiingojea. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kweli. Usiku ule wa mwisho wa mwezi kingetuambia kwa mstari mmoja yale ambayo sisi tulihangaika kuyatafuta kwa wiki kadhaa.

Mtauliza tulifanya nini usiku ule, tukiwa hatujui lolote kati ya haya. Mnamo saa sita, mwenzangu mmoja kijana, kwa kukata tamaa, alipunguza michakato ya kazi kutoka 400 hadi 40, akisema angalau tuweze kuandika amri. Ndani ya dakika mbili seva ilitulia, na foleni ya malipo yaliyokuwa yamekwama ilianza kupungua. Michakato arobaini ilikuwa ikimaliza kazi ambayo mia nne haikuweza hata kuianza. Aliniuliza kwa nini, sikuwa na la kumjibu.

Leo seva iliyochukua nafasi ya ile imewekewa kiwango cha kundi, na idadi ya michakato yake huamuliwa kwa kipimo cha shinikizo, si kwa kukisia. Mkipata mashine ya namna hiyo, fungueni /proc/vmstat na mtafute vihesabio vinavyoanza na neno allocstall. Hivyo huongezeka kila mara mchakato unapolazimishwa kuingia katika ukombozi wa moja kwa moja. Linganisheni pia kurasa zilizochunguzwa na kswapd na zile zilizochunguzwa na michakato yenyewe. Mwisho wa mwezi uliopita nilikaa mbele ya vihesabio hivyo tangu saa mbili usiku. Vilipanda, tena vilipanda sana ilipokaribia saa tatu, kwa hiyo ngazi bado ina watu. Lakini niliandika ile amri yangu ya herufi mbili, na orodha ikaja papo hapo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali yenu.